Mto wa barafu hutembeaje, na watu huuvukaje?

Swali liliulizwa na kijana wa kidato cha pili, katika skuli ya hapa kisiwani Mombasa. Nilikuwa nimebandika ubaoni picha ya Baltoro, mto wa barafu ulioko katika safu ya Karakoram kaskazini mwa Pakistan, nikawaambia kwamba una urefu wa kilomita zipatazo 63 na kwamba katikati yake huteremka zaidi ya mita 100 kwa mwaka. Kijana yule, ambaye babake ni muuza samaki, akanyanyua mkono: "Mwalimu, barafu yatembeaje na hali ni jiwe? Sisi twaivunja kwa nyundo kila asubuhi."

Wenzake walicheka. Mimi niliona ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, maana wataalamu wa Ulaya walilibishania kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Kitu kimoja kinawezaje kumiminika kama uji na kukatika kama kioo? Asiyelielewa hilo hawezi kuelewa kwa nini watu hujifunga kamba wanapovuka juu yake, kwa nini huondoka usiku wa manane, wala kwa nini barafu isiyo na ufa hata mmoja yaweza kuwa habari mbaya.

Tuanze na theluji. Theluji mpya ni hewa tupu. Jaza ndoo ya lita 20, iyeyushe, na utapata kama lita mbili za maji, pengine pungufu. Lakini kule juu kabisa mlimani theluji ya mwaka huu huanguka juu ya ile ya mwaka jana kabla haijayeyuka yote. Tabaka la juu hulikandamiza la chini. Chembe zake hupoteza ncha, huviringika, hushikana, hewa husukumwa nje. Baada ya miaka kadhaa, na penye baridi kali zaidi baada ya makumi ya miaka, matundu ya hewa hujifunga na kinachobaki ni barafu kamili. Ndoo ile ile ukiijaza barafu hii itakupa maji lita 18 hivi.

Hapo ndipo uzito unapoingia kazini. Yule kijana alisema kweli: barafu ya sokoni haitembei. Pande lenyewe halifiki hata kiunoni, halina cha kulielemea, na nyundo hailiachii muda. Barafu ya mlimani inahitaji kurundikana kiasi cha mita 30, yaani kimo cha jengo la ghorofa kumi, ndipo uzito wake wenyewe uanze kuisukuma ibadilike umbo. Ndani yake, punje za barafu huteleza tabaka juu ya tabaka, kama karata zilizopangwa zikisukumwa kwa kiganja. Zinaweza kufanya hivyo kwa sababu barafu, hata ikiwa baridi namna gani kwetu sisi, haiko mbali na joto lake la kuyeyuka. Chuma kilichokaribia kuyeyuka hukubali kupindwa, na barafu ni hivyo hivyo. Jambo jingine ambalo nataka ulishike, kwa sababu tutalirudia: mgandamizo ukiongezeka mara mbili, kasi ya kubadilika umbo haiongezeki mara mbili, huongezeka kama mara nane. Mto mnene hukimbia kuliko mwembamba kwa tofauti kubwa mno.

Mfano niliowapa darasani ulitoka jikoni. Chukua halua ambayo bado ina joto, uiweke kwenye sinia, uinamishe sinia kidogo na uiache. Itateremka polepole, bila kukatika, ikifuata umbo la sinia. Sasa ishike pande moja uivute ghafla. Inakatika. Halua ni ile ile, iliyobadilika ni haraka ya mkono. Barafu ikisukumwa kwa miaka hutiririka, ikivutwa upesi hupasuka. Nyundo ya muuza samaki ni ile njia ya haraka.

Kuna mwendo wa pili pia. Chini kabisa, barafu inapogusa mwamba, mara nyingi kuna maji: mengine yametokana na mgandamizo na joto la ardhi, mengine yamepenya kutoka juu. Maji hayo hufanya mto mzima uteleze kwenye kitanda chake. Ndiyo maana mito mingi ya barafu huenda kasi zaidi majira ya joto. Mita 100 kwa mwaka ukizigawa kwa siku ni sentimita 27, zaidi kidogo ya shibiri. Aliyepiga hema juu ya Baltoro akalala, ameamka pahali pengine, na hema lake, na mawe aliyopikia chai.

Sasa nyufa. Tabaka la juu la mto wa barafu, hizo mita 30 za mwanzo au zaidi kidogo, halina uzito wa kutosha juu yake, kwa hiyo halilainiki. Limebebwa tu na barafu inayotiririka chini yake, kama ngozi ngumu inayojifanya juu ya uji. Mwendo unapobadilika, ngozi hiyo huvutwa, na ikivutwa hupasuka. Chini zaidi barafu hujifunga yenyewe kwa kutiririka, ndiyo sababu nyufa nyingi za milimani hazizidi sana kina hicho. Mita 30 zinatosha kabisa kumuua mtu.

Nyufa hazitokei ovyo, na hapa ndipo elimu ya wavukaji ilipo. Mahali kitanda cha mto kinapoinama ghafla, sehemu ya mbele hukimbia ikiiacha ya nyuma, na nyufa hukata mto kutoka upande huu hadi ule. Kandokando, barafu inayosuguana na ukuta wa bonde hubaki nyuma ya ile ya katikati, na nyufa za hapo hukaa mshazari zikielekea juu ya mto. Bonde likipanuka, barafu hutanda, na nyufa huenda kwa urefu. Mteremko ukiwa mkali sana barafu yote huvunjika vipande vipande vikubwa kama nyumba, vinavyoweza kuanguka saa yoyote. Katikati ya mto, kwenye mteremko wa taratibu au pahali panapobana barafu badala ya kuivuta, nyufa hupungua.

Nahodha wa jahazi aliyekulia pwani hii haoni mwamba ulio chini ya maji. Husoma rangi, husoma namna wimbi linavyopinda, hujua mkondo unaingia wapi. Kiongozi wa msafara barafuni hufanya vivyo hivyo: kwa kutazama mteremko peke yake anaweza kukwambia nyufa zimeelekea wapi kabla hajaona hata mmoja. Akishajua, hupitisha watu wake wakate ufa kwa pembe ya mraba, mmoja mmoja. Kosa kubwa ni msafara kutembea sambamba na ufa, kwa sababu wote waliofungwa kamba moja wanaweza kujikuta juu ya ufa mmoja kwa wakati mmoja, na hapo hakuna wa kumvuta mwenzake.

Adui mkuu ni ule ufa usioonekana. Theluji ikipeperushwa na upepo hujenga kutoka kingo zote mbili mpaka zikutane, na ufa ukafunikwa na daraja la theluji. Ukilitazama ni uwanda mweupe. Mwenye jicho huona mbonyeo mdogo, au kivuli hafifu, au mstari ambao weupe wake si sawa na weupe wa pembeni. Wengine wetu hatungeona kitu. Ndiyo sababu anayetangulia huchoma theluji kwa mti mrefu kila hatua anayoitilia shaka, kama mvuvi wa mtumbwi anavyopima kina kwa upondo. Mti ukizama bila kugonga chochote, hapo chini ni tupu.

Kwa hiyo kamba. Watu watatu hadi watano hufungwa kwenye kamba moja, wakiachana mita kumi au zaidi, na kamba yenyewe haitakiwi kulegea hata kidogo. Nilipokuwa kijana nilidhani kamba ni ya kushikilia. La, kamba ni ya kupunguza urefu wa kuanguka. Ikiwa imekazwa, anayetumbukia huzama hadi kiunoni au kifuani tu na wenzake hujitupa chini wakichomeka mashoka yao ya barafu. Ikiwa imelegea mita tatu, atakuwa ameshapata kasi ya kuwaburura wote. Aliyezama na kuning'inia hupanda kwa vitanzi viwili vya kamba nyembamba vilivyofungwa kwenye kamba kuu: ukikanyaga kitanzi hubana, ukikiondolea uzito hulegea na kusogea juu. Mabaharia wetu wangelielewa fundo hilo kwa mara ya kwanza kuliona. Asiye na kamba huenda chini mpaka kuta zibane, na joto la mwili wake likiyeyusha barafu, huzidi kuteleza na kubanwa.

Saa ya kuvuka nayo hutokana na mambo haya haya. Usiku baridi hugandisha daraja la theluji likawa gumu. Jua likipanda hulainika, na lile lililobeba watu kumi alfajiri laweza kumwangusha mmoja saa nane mchana. Mawe yaliyoshikwa na barafu kwenye miamba ya juu nayo huachiliwa na jua. Wanaotoka Baltoro kwa kupita Gondogoro La, njia ya mlimani yenye kimo cha mita 5,600 hivi, huondoka kambini karibu na usiku wa manane, taa kwenye vipaji vya nyuso, ili wawe wameshavuka na kuteremka upande wa pili, kwenye bonde la Hushe, kabla jua halijafanya kazi yake. Wasafiri wengi hulalamikia kuamshwa saa hiyo. Mimi naona ni saa ya hekima kuliko zote.

Baltoro yenyewe humshangaza anayefika akitazamia weupe. Safari huanza Askole, kijiji cha mwisho, chenye kimo cha mita 3,000 hivi, na baada ya siku chache za kufuata bonde unafika mahali mto wa barafu unapoishia, ukuta wa kijivu wenye pango linalotema maji ya rangi ya tope. Ukipanda juu yake unakanyaga mawe. Kilomita na kilomita za mawe, kwa sababu milima ya kando humwaga vifusi bila kukoma na barafu huvibeba. Mistari mirefu ya mawe katikati ya mto ni mahali mito miwili ya barafu ilipoungana: kando ya huu na kando ya ule zikawa kitu kimoja.

Mawe hayo yana tabia inayochanganya watu. Vumbi jembamba huharakisha kuyeyuka, kwa sababu ni jeusi na hunywa jua. Kifusi kikizidi sentimita chache huzuia, kwa sababu joto halifiki chini. Ndiyo maana utaona jiwe bapa kubwa limekaa juu ya nguzo ya barafu kama meza ya mguu mmoja. Jiwe halikunyanyuliwa na mtu. Barafu iliyoizunguka nguzo ile ndiyo iliyoshuka, na jiwe likabaki limekitilia kivuli kipande chake. Siku moja nguzo itashindwa, na jiwe litaangukia upande wa jua.

Halafu vijito. Juu ya barafu hupita mito ya kweli ya maji, ya buluu isiyoelezeka, yenye kingo zinazoteleza kuliko sabuni. Asubuhi unaviruka kwa hatua moja. Alasiri, baada ya jua la mchana mzima, huvuki. Sisi tuna maji kujaa na kupwa yanayofuata mwezi, wao wanayo yanayofuata jua. Kijito huishia kwenye shimo la wima ambapo maji yote hutumbukia kwenda chini ya barafu, na hayo ndiyo yale maji yanayoutelezesha mto niliyoyataja.

Baada ya wiki hivi unafika Concordia, kama mita 4,600, ambako mto wa barafu wa Godwin-Austen unaingia Baltoro. Hapo mbele yako inasimama K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mita 8,611, na Broad Peak, na Gasherbrum. Broad Peak na vilele viwili vya Gasherbrum navyo vinazidi mita 8,000, na vyote viko mwendo wa siku chache tu kutoka K2. Hewa ya hapo ina mgandamizo unaozidi nusu ya ule wa ufuoni kwetu Nyali kwa kidogo tu, kwa hiyo mwili huhitaji siku nyingi za kuzoea: ukipita mita 3,000 haifai kulala juu zaidi ya mita 500 ukilinganisha na ulipolala jana, na kichwa kikiuma bila kupoa dawa ni kuteremka. Theluji mpya hurudisha miali mikali ya jua hadi asilimia 80, wakati mchanga mkavu wa pwani hurudisha kama 15. Asiyevaa miwani myeusi ataamka macho yakiwa kama yametiwa mchanga.

Kuna uzi unaotufunga sisi na milima hiyo, nao ni upepo. Kusi inayoinamisha minazi yetu kuanzia Aprili huvuka ikweta kandokando ya Afrika Mashariki, hunywa maji ya Bahari ya Hindi na kuyapeleka Asia, ambako hunyesha mvua na, juu ya Himalaya, theluji. Karakoram iko ndani zaidi, na sehemu kubwa ya theluji yake huletwa na dhoruba za majira ya baridi zinazotoka magharibi. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya mito yake kustahimili kwa miongo kadhaa huku mingine duniani ikinywea. Maji ya Baltoro huingia Braldu, kisha Shigar, kisha Indus, na Indus humwagikia baharini karibu na Karachi, upande wa pili wa bahari tunayoogelea.

Ushahidi wa kutisha kuliko wote kwamba barafu hutembea ulitoka Ufaransa. Mwaka 1820 maporomoko ya theluji yaliwafagia waongozaji watatu wa mji wa Chamonix karibu na kilele cha Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya safu ya Alps, wakazikwa ndani ya ufa. Mskoti James Forbes, ambaye tangu 1842 alikuwa akipima kwa vyombo mwendo wa mito ya barafu ya huko na kuonyesha kwamba katikati hukimbia kuliko kando, alikadiria kwamba miili ingetokea chini bondeni baada ya miaka 40 hivi. Mwaka 1861 mabaki yakaanza kutoka mwishoni mwa mto wa barafu wa Bossons. Walikuwa wametembea na barafu muda wote huo. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikakaa kimya.

Na sisi je, tumo wapi? Tumo tangu mwanzo. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai hapo nyuma ya Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara wa huku kwetu. Rebmann aliandika kwamba mwongozaji wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu, "beredi", baridi. Wataalamu wa London walikataa kata kata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, na waliendelea kukataa hata Ludwig Krapf alipouona Mlima Kenya mwaka uliofuata. Mimi namwonea fahari aliyesema beredi. Alitaja kile ambacho mwili ungekijua kabla jicho halijakipatia jina.

Mwaka 1899 Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian kwenye Mlima Kenya, alivuka kipande cha barafu kinachoning'inia karibu na kilele, akidhani ni kazi ya dakika 20. Ilikuwa ngumu kiasi kwamba kuchonga ngazi za kukanyaga kulichukua saa tatu, akaipa jina la almasi. Upande mwingine wa mlima huo uko mto wa barafu wa Lewis, ambao wapandaji wa Nelion, kilele cha pili cha mlima huo, walikuwa wakiuvuka kwa kamba na meno ya chuma chini ya viatu. Umepimwa kuliko karibu mto wowote wa barafu wa nchi za joto. Kufikia 2010 ulikuwa umebakiza kama sehemu moja tu ya kumi ya barafu uliyokuwa nayo 1934.

Rudi sasa kwenye ile hesabu ya mara nane. Unene ukipungua, kasi haipungui kidogo kidogo, huporomoka. Mto unaokonda hufika mahali hauna uzito wa kujisukuma, ukasimama. Barafu mpya haiteremki tena kuziba kilichoyeyuka, na kinachobaki hulala pale pale juani.

Nilipanda hadi Lenana, kilele cha tatu cha Mlima Kenya, mita 4,985, na kundi la wanafunzi. Tulifika kwenye ukingo wa Lewis kumekucha, na kijana mmoja, aliyekumbuka somo, akaanza kutafuta nyufa ili anionyeshe zimeelekea wapi. Alizunguka huku na huku, akachuchumaa, akarudi. "Mwalimu, sioni hata mmoja." Sehemu ile tuliyosimama ilikuwa laini, ya kijivu, maji yakitiririka chini yake kwa sauti ndogo. Nikamwambia aniambie mwenyewe maana yake. Alifikiri kidogo, akaitazama tena, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Haitembei."